Mwalimu Julius Kambarage Nyerere (1922–1999): Mikataba ya Kimataifa na Upangaji wa Ardhi ya Taifa

Utangulizi

Kila mtahiniwa wa kidato cha nne anamfahamu Mwalimu Nyerere kama mpigania uhuru, rais wa kwanza na mwasisi wa siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Wasifu huu unamtazama kwa upande ambao huulizwa mara chache, ingawa unagusa mada nyingi za mtihani: jinsi makubaliano ya mataifa yanavyoingia katika sera ya nchi na kubadili matumizi ya ardhi, maji, misitu na hifadhi.

Kwa neno mandhari tunamaanisha sura ya nchi pamoja na matumizi yake: mashamba, malisho, mito, misitu, makazi, reli na hifadhi. Sera ya mandhari ni uamuzi wa serikali kuhusu kipi kiwe wapi, nani akitumie na kwa masharti gani. Uamuzi huo hufanywa na nchi yenyewe, lakini mara nyingi huwa na mizizi katika mkataba uliotiwa saini mbali na ardhi inayohusika.

Unaposoma, jiulize maswali matatu kila unapokutana na mkataba. Nani aliukubali? Uligeuzwaje kuwa sheria ya nchi? Nani alibeba gharama yake? Ukiweza kujibu matatu hayo, utaweza kujibu swali lolote la mada hii.

1. Kuzaliwa na mazingira ya utotoni

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, ambacho leo kimo katika mkoa wa Mara. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mgaya wa Nyang'ombe. Kama watoto wengine wa kijijini, Kambarage alichunga mifugo kabla ya kwenda shule.

Tazama ramani. Upande wa magharibi wa Butiama kuna Ziwa Victoria. Upande wa mashariki kuna nyanda za Serengeti. Mtoto huyu alikulia kati ya maji na nyika ambazo mustakabali wake ulikuwa ukiamuliwa na watu wasiowahi kufika Butiama.

Mwaka uleule aliozaliwa, Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, liliidhinisha Uingereza kuitawala Tanganyika baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1929, Kambarage akiwa na umri wa miaka 7, Uingereza na Misri zilikubaliana kuhusu maji ya Mto Nile. Kwa makubaliano hayo, kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme kwenye Nile, matawi yake au maziwa yanayoulisha, ndani ya nchi zilizo chini ya Waingereza, isingefanyika bila ridhaa ya Misri ikiwa ingepunguza maji yanayofika huko. Ziwa Victoria lilikuwa ndani ya makubaliano hayo. Watu wa kando ya ziwa hawakuulizwa.

Mwaka 1933 mkataba mwingine ulitiwa saini mjini London. Huu ulihusu kuhifadhi wanyama na mimea ya Afrika katika hali yake ya asili, na ulizitaka serikali za kikoloni kutenga hifadhi za taifa. Ulianza kutumika mwaka 1936. Kabla yake ulikuwapo mkataba wa London wa mwaka 1900, lakini ule haukuwahi kuanza kutumika kwa sababu nchi za kutosha hazikuuridhia.

*Zingatia:* Kutia saini na kuridhia ni hatua mbili tofauti. Saini huonyesha kwamba nchi imekubali maudhui ya mkataba. Kuridhia ndiko kunakoifunga nchi kisheria. Mkataba wa 1900 ni mfano mzuri wa mkataba uliosainiwa ukabaki karatasi.

2. Elimu na kazi ya ualimu

Mwaka 1934 Nyerere alianza shule ya msingi Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Alifaulu vizuri akaendelea na masomo katika shule ya serikali ya Tabora. Mwaka 1943 alijiunga na Chuo cha Makerere nchini Uganda, akasomea ualimu. Aliporudi alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Uskoti kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1952. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel, na akafundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina la Mwalimu.

Alipokuwa Edinburgh, mambo mawili makubwa yalitokea nyumbani kuhusu ardhi. La kwanza, mwaka 1951 Serengeti ilianzishwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa, jambo lililotokana na wajibu wa Uingereza chini ya mkataba wa 1933. La pili, mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mwa nchi, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu.

3. Udhamini na siasa ya ardhi

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 1946, Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Uingereza iliendelea kutawala, lakini sasa kwa mkataba wa udhamini. Mkataba huo ulimtaka mtawala azingatie sheria na mila za wenyeji anapotunga sheria za ardhi, na uliwapa wananchi haki ya kupeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa.

Wameru waliitumia haki hiyo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York akaeleza kilio cha watu wake. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo, safari yake iliwaonyesha Watanganyika kwamba mkataba uliosainiwa na mkoloni unaweza kutumiwa kumhoji mkoloni huyohuyo.

Nyerere aliifuata njia hiyo. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kiliundwa, yeye akiwa rais wake. Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akadai kwamba Tanganyika itambuliwe kuwa nchi ya Waafrika na iandaliwe kujitawala. Mwaka huohuo aliacha ualimu ili ashughulikie siasa kikamilifu.

Ardhi ilibaki katikati ya fikra zake. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipopendekeza umilikaji wa ardhi wa kudumu unaoruhusu kuuza na kununua, aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa kuupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu, kwa hiyo anachostahili mtu ni haki ya kuitumia. Ikigeuzwa kuwa bidhaa, wenye fedha wangeinunua yote na wengi wangebaki wapangaji katika nchi yao wenyewe.

Baada ya uhuru fikra hiyo ikawa sheria. Mwaka 1963 umilikaji wa kudumu ulibadilishwa kuwa upangaji wa muda kutoka serikalini. Jambo hili lina pande mbili, na mtahiniwa makini huzitaja zote. Liliikinga ardhi isinunuliwe na wachache. Papo hapo liliipa serikali uwezo mkubwa wa kupanga ardhi itumikeje, ukiwemo uwezo wa kuwahamisha watu.

4. Ilani ya Arusha ya 1961

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, wataalamu na viongozi walikutana Arusha kujadili uhifadhi wa maliasili katika nchi mpya za Afrika. Mkutano huo uliandaliwa kwa ushirikiano wa mashirika ya kimataifa. Wazungu wengi waliokuwa wakishughulika na uhifadhi walikuwa na hofu kwamba serikali za Kiafrika zingezifuta hifadhi, kwa sababu wananchi walizihusisha na ukoloni na kunyang'anywa ardhi.

Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alitoa tamko linalojulikana kama Ilani ya Arusha. Alieleza kwamba wanyamapori na maeneo wanamoishi ni rasilimali na ni dhamana ya vizazi vijavyo. Alisema serikali yake ingefanya kila iwezalo kuvilinda. Akaongeza sharti: kazi hiyo inahitaji wataalamu, mafunzo na fedha, na dunia inayotaka wanyama hao wadumu lazima ishirikiane na Tanganyika kubeba mzigo huo.

Tamko hili halikuwa mkataba. Halikuridhiwa na nchi yoyote wala halikumfunga mtu kisheria. Lilikuwa ahadi ya kisiasa, lakini lilizaa matunda. Mwaka 1963 Chuo cha Wanyamapori Mweka kilifunguliwa karibu na Moshi ili kuwafundisha Waafrika kusimamia hifadhi zao wenyewe.

*Zingatia:* Usichanganye Ilani ya Arusha ya 1961, inayohusu wanyamapori, na Azimio la Arusha la 1967, linalohusu Ujamaa na Kujitegemea. Kosa hili hupoteza alama nyingi.

5. Mikataba ya kurithi: ipi ikubaliwe, ipi ikataliwe?

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Swali gumu lilijitokeza mara moja. Uingereza ilikuwa imesaini mikataba mingi kwa niaba ya Tanganyika. Je, taifa jipya lilifungwa na saini ambazo halikuziweka?

Nyerere alikataa majibu mawili mepesi. Kukubali yote kungeuacha mkono wa mkoloni katika ardhi na maji ya nchi. Kukataa yote kungeitenga nchi na dunia. Alichagua njia ya tatu. Aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba kati ya pande mbili ingeendelea kuheshimiwa kwa miaka 2. Katika muda huo Tanganyika ingezungumza na kila nchi inayohusika. Mkataba usiokubaliwa upya ungekoma, isipokuwa ule ambao sheria ya kimataifa ingeulazimisha kuendelea. Mikataba ya nchi nyingi ingechunguzwa mmoja mmoja.

Msimamo huu uliitwa Kanuni ya Nyerere kuhusu mikataba ya kurithi, na nchi nyingine, zikiwemo Uganda na Kenya, zilifuata njia inayofanana nao.

Jaribio kubwa lilikuwa makubaliano ya Nile ya 1929. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili aimarishe chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo. Serikali ya Kawawa ilifuata kanuni ileile. Tarehe 4 Julai 1962 iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi na makubaliano hayo. Desemba 1962 Nyerere alirudi kuongoza nchi akiwa rais wa Jamhuri.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito hata baada ya miaka mingi. Katika miaka ya 2000 Tanzania ilijenga mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria hadi Shinyanga na Kahama, maeneo makavu yenye watu na mifugo mingi. Misri ilitoa malalamiko, lakini mradi ulikamilika. Laiti Tanzania ingekubali kufungwa na makubaliano ya 1929, mji wa Shinyanga ungehitaji ruhusa ya Cairo ili kunywa maji ya ziwa lililo ndani ya mipaka ya nchi yake.

6. Mikataba iliyokubaliwa na sheria zilizotungwa

Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, serikali ya Nyerere iliingia katika mikataba kadhaa ya mazingira kwa hiari yake. Mitatu ni muhimu zaidi kwa mtihani.

a) *Mkataba wa Afrika wa Uhifadhi wa Asili na Maliasili, Algiers, 1968.* Huu ulipitishwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Uliwekwa na Waafrika wenyewe, ukachukua nafasi ya ule wa 1933. Uliwataka wanachama kulinda udongo, maji, mimea na wanyama, kuanzisha maeneo ya hifadhi, na kuhakikisha kwamba mipango ya maendeleo inazingatia uhifadhi. Tanzania iliuridhia mwaka 1974. Mwaka huohuo Bunge lilitunga Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori.

b) *Mkataba wa Urithi wa Dunia, 1972.* Chini ya mkataba huu wa UNESCO, nchi hupendekeza maeneo yake yenye thamani kwa binadamu wote, nayo huahidi kuyalinda. Tanzania iliuridhia mwaka 1977. Ngorongoro iliingizwa katika orodha mwaka 1979, Serengeti pamoja na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981, na Pori la Akiba la Selous mwaka 1982. Kilimanjaro ilifuata mwaka 1987.

c) *Mkataba wa Biashara ya Kimataifa ya Viumbe Vilivyo Hatarini, 1973.* Mkataba huu unajulikana kwa kifupi kama CITES. Unadhibiti biashara ya pembe za ndovu, pembe za faru na viumbe vingine vilivyo hatarini. Tanzania iliuridhia mwaka 1979.

Wakati wa uhuru Tanganyika ilikuwa na hifadhi za taifa 3: Serengeti, Ziwa Manyara na Arusha. Nyerere alipostaafu mwaka 1985 zilikuwa 11. Zilizoongezeka ni Mikumi, Ruaha, Gombe, Tarangire, Kilimanjaro, Katavi, Kisiwa cha Rubondo na Mahale. Si kila hifadhi ilianzishwa kwa sababu ya kifungu fulani cha mkataba. Lakini zote zilianzishwa na serikali iliyokuwa imeahidi mbele ya dunia kwamba ingefanya hivyo, na ambayo ilitarajia watalii, wataalamu na misaada kutokana na ahadi hiyo.

Kumbuka mfuatano huu: mkataba husainiwa, huridhiwa, hutungiwa sheria, hukabidhiwa kwa chombo cha utekelezaji, kisha mpaka huchorwa kwenye ramani na kufika ardhini. Kwa Katiba ya mwaka 1977, Bunge lina mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Hatua moja ikikosekana, mkataba hauwezi kubadili kitu.

7. Mkataba uliojenga reli

Si mikataba ya mazingira pekee inayobadili mandhari. Tarehe 5 Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kujenga reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Benki ya Dunia ilikuwa imeona kwamba reli hiyo haingelipa. Nyerere na Rais Kenneth Kaunda waliitaka kwa sababu Zambia ilihitaji njia ya bahari isiyopita katika nchi zilizokuwa chini ya Wareno na walowezi wa Kizungu.

Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli yenye urefu wa kilometa 1,860 ilikabidhiwa mwaka 1976. Ilipita sehemu ya kaskazini ya Selous, ikavuka bonde la Kilombero, ikapanda nyanda za juu hadi Makambako, Mbeya na Tunduma. Vijiji vya ujamaa vilipangwa kando yake, na vituo vidogo vikawa miji ya biashara ya mazao. Hapa mkataba wa kisiasa ulipanga makazi na kilimo cha kusini kuliko mpango wowote wa ndani uliotangulia.

8. Gharama: mfano wa Ngorongoro

Wasifu wa haki hauachi upande mgumu. Mwaka 1959, kabla ya uhuru, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamasai ndani ya Serengeti. Ngorongoro, eneo la zaidi ya kilometa za mraba 8,000, ilitengwa na Serengeti ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Kwa Wamasai hiyo ilikuwa ahadi kwamba hawataondolewa tena.

Serikali ya Nyerere ilirithi ahadi hiyo. Lakini mwaka 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 sheria ilipiga marufuku kilimo katika eneo lote. Miaka 4 baadaye Ngorongoro ikawa urithi wa dunia. Mwaka 1984 iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kutokana na udhaifu wa usimamizi, ikatolewa mwaka 1989. Marufuku ya kilimo iliondolewa mwaka 1992, kisha baadaye ikarejeshwa. Familia iliyotegemea maziwa na shamba dogo la mahindi ilijikuta ikisubiri uamuzi wa Dodoma, Dar es Salaam na vikao vya UNESCO kabla ya kushika jembe.

Tahadhari hapa. Sheria ya 1975 ilitungwa kabla Tanzania haijaridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia. Kwa hiyo si sahihi kuandika kwamba mkataba ndio uliopiga marufuku kilimo. Sahihi ni kwamba uamuzi wa nchi ulitangulia, kisha hadhi ya kimataifa ikaongeza uzito wake na kufanya iwe vigumu kuugeuza.

Vilevile, si kila badiliko kubwa lilitoka nje. Operesheni Vijiji, iliyowakusanya mamilioni ya wananchi vijijini kati ya 1973 na 1976, ilikuwa sera ya ndani kabisa. Ilileta shule, zahanati na visima karibu na watu, lakini wengine walihamishwa kwa nguvu na kuacha mashamba yenye rutuba. Tukilinganisha mifano hii miwili tunaona kwamba kilio cha mwananchi hakitegemei kama mpango umetoka New York au umetoka makao makuu ya chama. Kinategemea kama aliulizwa kabla ya kuhamishwa.

9. Kustaafu, kifo na urithi wake

Nyerere aliacha urais kwa hiari mwaka 1985, akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Alirudi kulima Butiama. Alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 mjini London, akazikwa kijijini kwake.

Swali alilolishughulikia maisha yake yote limerudi likiwa limebeba jina lake. Tangu miaka ya utawala wake wataalamu walichunguza uwezekano wa kujenga bwawa la umeme katika Mto Rufiji, na mwaka 1975 mamlaka ya kuendeleza bonde hilo iliundwa. Mwaka 1982 serikali hiyohiyo iliona Selous, pori lenye eneo la bwawa hilo ndani yake, ikiingia katika urithi wa dunia. Mipango yote miwili ilikuwa ya Tanzania, na haikuweza kukaa pamoja kwa urahisi.

Mwaka 2019 ujenzi wa bwawa ulianza, nalo likaitwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Mwaka huohuo sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza hofu yake kuhusu athari za bwawa. Serikali ilishikilia kwamba taifa linahitaji umeme. Ukipewa swali hili, usikimbilie kumshangilia mmoja. Eleza ahadi iliyotolewa, haja ya wananchi, na njia ambazo zingeweza kutumika kuzungumza mapema.

Tathmini

Maisha ya Mwalimu Nyerere yanatufundisha mambo manne. Kwanza, mkataba wa kimataifa haugusi ardhi mpaka serikali iukubali na kuutungia sheria. Pili, nchi ndogo inaweza kuchagua, kama Tanganyika ilivyofanya kuhusu Nile, ikiwa itafuata utaratibu unaoheshimika. Tatu, ahadi kwa dunia huleta fedha, elimu na heshima, lakini pia hupunguza uhuru wa kubadili uamuzi baadaye. Nne, mwenye saini na mwenye kubeba gharama mara nyingi si mtu mmoja. Ndiyo maana wananchi wa eneo husika wanapaswa kushirikishwa kabla ya mpaka kuchorwa.

Tarehe za kukumbuka

1929 – Makubaliano ya Nile kati ya Uingereza na Misri
1933 – Mkataba wa London wa uhifadhi
1946 – Tanganyika yawekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa
1951 – Hifadhi ya Taifa ya Serengeti yaanzishwa
1961 – Ilani ya Arusha, uhuru, tamko kuhusu mikataba ya kurithi
1962 – Tanganyika yakataa kufungwa na makubaliano ya Nile
1967 – Makubaliano ya reli ya Tanzania na Zambia
1968 – Mkataba wa Algiers
1977 – Tanzania yaridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia
1979 – Ngorongoro yawa urithi wa dunia, CITES yaridhiwa

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha kutia saini mkataba na kuuridhia. Toa mfano mmoja.
2. Eleza tofauti mbili kati ya Ilani ya Arusha (1961) na Azimio la Arusha (1967).
3. Kwa nini Nyerere hakukubali wala kukataa mikataba yote ya kurithi? Toa hoja tatu.
4. Fafanua hatua tano ambazo mkataba hupitia kabla ya kubadili matumizi ya ardhi.
5. Kwa kutumia mfano wa reli, onyesha jinsi makubaliano yasiyo ya mazingira yanavyoweza kubadili mandhari ya nchi.
6. Jadili kauli kwamba mikataba ya kimataifa ndiyo chanzo cha migogoro ya ardhi Ngorongoro. Zingatia mfuatano wa miaka.
7. Andika wasifu wa kiongozi yeyote wa eneo lenu ambaye uamuzi wake ulibadili matumizi ya ardhi. Onyesha nani alinufaika na nani aligharimika.